Nguvu za mabinti wa wavu hazijengwi kwa wiki mbili

Barua ya mashindano huja kama mgeni asiyepiga hodi. Inafika Jumatatu, mkuu wa shule anaiweka mezani kwangu, na ndani yake imeandikwa kuwa timu ya wasichana ya mpira wa wavu iwe tayari baada ya wiki mbili. Kuanzia jioni hiyo tunakimbia. Tunakimbia barabara ya ziwani alfajiri na jioni, tunaruka mpaka giza linaingia, na siku ya kumi na nne tunapanda gari, ikiwa mafuta yamepatikana, tukiwa tumechoka kuliko tulivyokuwa kabla ya barua kufika.

Mwaka juzi, katika mechi ya pili ya mashindano ya namna hiyo, mshambuliaji wetu wa kushoto, binti wa miaka 17, aliruka kupiga mpira, akatua kwa mguu mmoja na goti likaingia ndani. Hakuguswa na mtu. Sisi tuliokuwa pembeni tulisikia mlio, kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Leo anatembea, analima, anauza mawese sokoni. Mpira hachezi tena. Naomba nieleweke: aliyemfanyisha mazoezi wiki zile mbili ni mimi, kwa hiyo ninayoyaandika hapa siyaandiki nikiwa nimesimama mbali.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mmoja wa waliorudi. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili katika shule za makazi yale, nikacheza wavu hadi mashindano ya UMISSETA, na goti langu la kushoto lilianza kuuma nikiwa kidato cha tatu. Mwaka 2007 Tanzania ilipotuuliza sisi wa makazi ya zamani kama tunataka uraia au tunarudi, mama yangu alichagua kurudi, nami nikarudi naye. Dada yangu, aliyekuwa ameolewa kwenye kambi moja ya Kibondo, alipata njia ya tatu: yeye na familia yake walichukuliwa na Marekani pamoja na maelfu ya Warundi wa 1972 waliohamishiwa huko kuanzia mwaka huo huo. Binti yake aliondoka akiwa anabebwa mgongoni. Sasa yuko chuo, ana urefu wa sentimita 181, na anacheza wavu.

Baada ya ajali ile nilimwomba binti huyo anitumie ratiba yake ya mazoezi. Nilitegemea karatasi moja. Alinitumia kurasa kumi na moja kwa WhatsApp, na ule wa kwanza haukuwa na zoezi hata moja. Ulikuwa kalenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tofauti yetu na wao, na si pale nilipodhani. Nilidhani tofauti ni vyuma na majengo.

Ligi ya vyuo vya Marekani kwa wanawake huanza mwishoni mwa Agosti na kuendelea hadi Novemba. Desemba, vyuo 64 vya daraja la kwanza huingia kwenye mtoano wa kumtafuta bingwa. Kila kitu kingine cha mwaka huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hapo, kama mkulima anayehesabu mvua itaanza lini ndipo aamue siku ya kutifua. Chuo cha binti wa dada yangu ni kidogo na hakionekani kwenye televisheni, lakini kalenda yake inafuata mpango ule ule.

Januari hadi Machi ni miezi ya kujenga. Hakuna mechi. Anaingia chumba cha vyuma mara nne kwa wiki: kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kuvuta, kusukuma. Uzito ni mkubwa, marudio ni machache, matano au pungufu, na katikati anapumzika dakika mbili tatu. Aprili huja mechi chache za kirafiki. Uzito unapunguzwa kidogo na kasi inaongezwa, sasa anaruka juu ya kasha na kurusha mpira mzito ukutani. Mei hadi Julai yuko nyumbani kwa mama yake, na kurasa zake anazo kwenye simu. Agosti timu inakusanyika, mazoezi yanakuwa mara mbili kwa siku, na hapo ndipo miguu inafundishwa tena kuvumilia kuruka mara nyingi.

Msimu ukianza, mimi ningeacha mazoezi ya nguvu yote. Wao hawaachi. Wanayapunguza yawe mara mbili kwa wiki, dakika 30 hadi 40, uzito ukiwa karibu ule ule lakini seti zikiwa chache. Watafiti walikwisha onesha tangu miaka ya 1980 kuwa nguvu iliyojengwa kwa miezi inaweza kutunzwa kwa wiki nyingi hata kwa siku moja tu ya mazoezi kwa wiki, mradi uzito usipunguzwe. Lakini ukiacha kabisa, baada ya wiki chache inaanza kupungua, na inayotangulia kuondoka ni ile kasi ya kuruka. Mchezaji anayeacha vyuma Agosti hufika mechi za mwisho za Novemba akiwa dhaifu kuliko alivyoanza, wakati mechi zenyewe ndizo ngumu zaidi. Baada ya mechi ya mwisho wanapumzika wiki mbili kamili bila kugusa mpira. Hata hilo limeandikwa kwenye kalenda.

Kuna na sheria. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinakataza timu kumfanyisha mchezaji zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na nje ya msimu saa 8 tu, na lazima apewe siku ya kupumzika. Nilipiga hesabu ya wiki zetu mbili za barua. Tulikuwa tumefanya saa 27 katika wiki ya kwanza, kwa mabinti ambao wiki iliyotangulia walikuwa hawajafanya hata moja. Ndilo jambo linalovunja: si mazoezi mengi peke yake, ni kuruka kutoka sifuri hadi mengi kwa siku tatu.

Isidhaniwe kwamba Wamarekani walizaliwa wanajua haya. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Nebraska kilimwajiri Boyd Epley, aliyekuwa mrukaji wa upondo akaumia, awe mwalimu wa nguvu wa kulipwa, na inakubalika kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza katika vyuo vya nchi hiyo. Chumba chake kilikuwa cha wanaume wa mpira wa Kimarekani. Wanawake walifunguliwa mlango na sheria iliyosainiwa na Rais Nixon Juni 1972, inayokataza ubaguzi wa jinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Mwezi huo wa Juni 1972 wazazi wangu walikuwa porini wakielekea mpakani na watoto wawili. Nautaja mwaka huo kwa sababu sisi tumezoea kuuhesabu kwa jambo moja tu.

Miaka 51 baadaye, Agosti 30, 2023, wasichana wa Nebraska walicheza na wenzao wa Omaha katikati ya uwanja wa mpira wa Kimarekani mjini Lincoln, na watu 92,003 waliingia kutazama. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Fedha hizo mimi sizionei wivu, nyingi zitakwenda kwa wanaume hata hivyo. Ninachowaonea wivu ni Januari yao. Ni mwezi ambao hakuna barua, hakuna kombe, na bado kuna mtu anayehesabu binti amenyanyua kilo ngapi.

Msomaji atasema Marekani ni mbali. Tuangalie basi jirani. Kenya imekuwa bingwa wa Afrika kwa wanawake mara kumi, mara ya kumi ikiwa mwaka 2023 kule Yaoundé. Hakuna nchi ya bara hili yenye mataji mengi kama hayo kwa wanawake. Lakini katika Olimpiki ya Tokyo walicheza mechi tano, na Paris mwaka 2024 mechi tatu, na katika mechi zote nane hawakupata seti hata moja. Sababu ni nyingi, urefu, ligi, fedha. Moja naiona kwa macho ya mwalimu wa shule: wachezaji wetu wa ukanda huu wanakutana na chumba cha vyuma wakiwa watu wazima, klabu ikishawaajiri, wakati wapinzani wao walifundishwa kuchuchumaa na kutua wakiwa na miaka 14. Miaka ile kumi ya shule ndiyo iliyo mikononi mwa watu kama mimi, na tunaitumia kukimbia barabarani.

Hili la kukimbia nilizungumze, maana linanichoma. Tumerithi imani kwamba mchezaji hujengwa kwa mbio ndefu. Lakini mpira wa wavu si mchezo wa mbio ndefu. Mpira ukianzishwa, mara nyingi ndani ya sekunde kumi umeshakufa. Kisha watu wanasimama, wanapanga, wanaanza tena. Mshambuliaji anaruka mara kadhaa ya kumi katika mechi moja, kila mara kwa nguvu yote, kwenye wavu wa mita 2.24. Kinachotakiwa ni kulipuka, kutua, kupumua kidogo, na kulipuka tena. Binti anayetembea kilomita tano kwenda shule na kurudi, anayebeba dumu la lita 20 kichwani kupanda kilima, pumzi anayo tayari. Huhitaji kumwongezea kilomita kumi. Kitu ambacho hajawahi kufundishwa na mtu yeyote ni namna ya kutua.

Kwa michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana hupasuka kano ya ndani ya goti mara kadhaa zaidi ya wavulana. Wataalamu wanataja umbo la nyonga, homoni, na hasa namna wanavyotua: miguu imenyooka, magoti yakiingia ndani kuelekeana. La mwisho hilo linafundishika. Mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa wiki, yenye kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha misuli ya nyuma ya paja na kujifunza kutua, yamepunguza majeraha hayo kwa karibu nusu kwa wasichana katika tafiti nyingi. Hayahitaji hata chuma kimoja. Binti wa dada alinipa mbinu ya kocha wake ambayo sasa naitumia kila siku: nawageuzia mgongo, wanaruka, mimi nasikiliza. Anayetua kwa kishindo anarudia. Anayetua kimya, magoti yamekunjwa na nyonga imerudi nyuma, anaendelea. Wiki ya kwanza uwanja ulikuwa kama ngoma. Sasa nasikia zaidi ndege wa ziwani.

Lakini kalenda ya Marekani haiwezi kubandikwa ukutani kwangu kama ilivyo. Kikwazo kikubwa kimekaa kwenye sahani, wala si vyuma.

Shule zetu hufunguliwa Septemba. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya jembe na ya kupanda. Akiba ya mavuno yaliyopita inaelekea kuisha, na maharage mapya hayaji mpaka Desemba au Januari. Binti anatoka shambani alfajiri, anakuja darasani, jioni namwita uwanjani. Anakula mara moja. Juni na Julai mavuno ya msimu wa pili yanaingia, chakula kipo, na hapo hapo shule inafungwa na mabinti wanatawanyika, wengine kwenye michikichi, wengine na mama zao kwenye boti za Kigoma. Yaani kwetu, kukiwa na shule hakuna chakula, na kukiwa na chakula hakuna shule. Mwalimu anayejenga nguvu Oktoba kwa mtoto mwenye njaa hajengi kitu, anabomoa.

Na kubomoka kwenyewe kuna dalili ambazo walimu wanaume wengi hawaulizi. Mchezaji mmoja aliniambia, kwa furaha, kwamba hajaona siku zake miezi minne na imekuwa nafuu kwake wakati wa mazoezi. Nilimweka kitako. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 ilitoa maelezo ya wazi juu ya hali hii: mwili ukitumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata, huanza kuzima vitu, hedhi ikiwa miongoni mwa vya kwanza, na mifupa hudhoofika nyuma ya pazia. Ongeza upungufu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida kwa wasichana wa umri huo, na utaelewa kwa nini binti anaishiwa katika seti ya tatu na sisi tunamwita mvivu. Kwa wa kwangu, nilimwondoa uwanjani wiki sita, nikazungumza na mama yake kuhusu dagaa, maharage na majani ya muhogo, na nikampeleka kituo cha afya. Siku zake zilirudi. Alikasirika kukosa mashindano.

Kwa hiyo mwaka jana nilipindua kalenda. Mwezi wangu wa kujenga si Januari, ni Julai, wakati wa mavuno. Kabla ya kufunga shule niliwapa mabinti 14 karatasi ya kwenda nayo nyumbani: mara tatu kwa wiki, dakika 25. Dumu la maji likumbatiwe kifuani, chuchumaa mara nane, seti tatu. Dumu lile lile chini, linyanyuliwe kwa mgongo ulionyooka. Panda ngazi au jiwe kwa mguu mmoja. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, ujishushe mbele polepole. Ruka na utue kimya, mara ishirini basi. Kila wiki mbili ongeza maji kwenye dumu. Anza na lita 10, maliza na 20. Oktoba, wakati wa jembe, tunashuka hadi mara moja kwa wiki, uzito ule ule, seti chache, kwa ajili ya kutunza tu. Na barua ikija, wiki zile mbili hatuongezi kitu. Tunacheza mpira, tunalala mapema.

Matokeo? Katika 14, waliofanya kwa ukamilifu ni watano. Wanne hawakugusa karatasi. Waliobaki walifanya mpaka kazi za nyumbani zilipowashinda, na mmoja aliniambia kaka zake walimcheka kumwona anachuchumaa na dumu uani. Hatukushinda kombe. Lakini katika mashindano hayo hatukumbeba binti yeyote kutoka uwanjani, na wale watano walikuwa bado wanaruka katika seti ya mwisho wakati wenzao wamegandishwa na uchovu. Watano ni wachache mno kutoa hukumu, najua. Wananitosha kuendelea.

Wazazi huniuliza kama binti zao wanaweza kufuata njia ya huyo wa dada yangu. Jibu limekuwa fupi. Juni 2025 Rais Trump alisaini tangazo lililoiweka Burundi miongoni mwa nchi saba za vizuizi vya sehemu, viza za wanafunzi zikiwamo, na mwishoni mwa mwaka huo huo Tanzania nayo ikatangazwa kuingia kwenye orodha kuanzia Januari 1, 2026. Nimeacha kumwahidi mtoto yeyote Marekani. Kurasa kumi na moja, hata hivyo, zilikwishafika.

Mwaka huu nimebadili jambo moja. Karatasi sitawapa mabinti, nitawapa mama zao, siku ya kuchukua ripoti, kwa sababu anayeamua nani abebe maji na nani apumzike ni mama. Wengi wao ni ninyi mnaosoma ukurasa huu mkingoja boti au mkiwa kwenye foleni ya Mugina. Mmoja, anayepeleka mawese Kigoma na kurudi na vitenge, aliisoma karatasi yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza: "Mwalimu, sasa hilo dumu, akishamaliza kuchuchumaa nalo, si anaweza kulileta jikoni?" Nikamwambia anaweza. Alikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa daftari la madeni. Nimemwagiza pia, akipata, aniletee mipira miwili na pedi za magoti jozi sita.